Vumbi la Makaa, Kioo na Siku Kumi

Rispa alinipigia simu asubuhi nikiwa na mpira wa maji mkononi. "Njeri, Baba amepumzika," akasema. Mzee wa miaka tisini na kitu, mwanawe anavuta makamasi kwenye simu, huna la kuuliza. Nilifunga mfereji, nikakaa juu ya gunia la samadi, nikakitazama kitalu changu hiki cha kando ya barabara ya Kangundo, karibu na Komarock. Wenye magari husimama hapa kununua mimea ya miiba, ile ambayo vitabuni huitwa dungusi. Wameniita Mama Miiba mpaka jina langu limesahaulika. Huniuliza, "Mama Miiba, haya yote ulifunzwa na nani?" Nami huwajibu, "Nilijifunza mwenyewe." Nimelisema jibu hilo miaka arobaini na kifua mbele, maana shule niliiacha darasa la tatu, na kiwanja hiki nilikipata kwa mikono hii miwili, bila mume na bila mjomba serikalini. Lakini ni uongo. Siku hiyo juu ya gunia la samadi niliona aibu, na aibu ikikupata ukiwa na miaka sitini haina pa kwenda, inakaa tu. Mambo ya wazazi wangu siyaandiki hapa, hayahusiki. Naandika mwaka mmoja, ule wa mahindi ya njano, themanini na nne, nilipokuwa na miaka ishirini na sikuweza kutulia mahali.

Nilikuwa nauza makaa kwa mkebe mbele ya chumba nilichopanga Shauri Moyo, upande wa kushukia Gikomba. Kabla ya makaa nilikuwa nimeuza uji, na kabla ya uji nilichambua nguo za mitumba, na kabla ya mitumba nilifulia watu. Hakuna kazi iliyonikuta mwaka ukiisha. Tangu kunakucha mafundi walikuwa wakigonga mapipa, ko, ko, ko, na mimi kila pigo nililisikia kama linaniambia wenzako wanakwenda, wewe bado uko hapo. Chakula nilikula nimesimama mlangoni. Mama Oti wa chumba cha pili alikuwa akiniona na sahani mkononi ananiambia, "Wewe Njeri, hata siku ukifa tutakuzika wima. Shimo lako litatusumbua." Alicheka, nikacheka, lakini usingizini miguu yangu ilikuwa ikitembea. Nilitaka kitu kimoja, kiwe changu, kikue haraka, nikiuze kwa watu ambao hawabishanii bei ya mkebe.

Mzee mmoja alikuja mwezi wa pili akigusa ukuta kwa fimbo, kofia ya reli kichwani, macho yamefunikwa na utando kama maziwa yaliyoganda juu ya chai. Watu wote walikuwa wakija kwangu wakitaka makaa makubwa, na vumbi likibaki chini ya gunia nililimwaga mtaroni. Yeye akasema, "Nipe vumbi."

"Mzee, vumbi haliwaki."

"Nani amekwambia nataka kupika?"

"Sasa unataka kulifanyia nini?"

"Watoto walalie," akajibu, na uso wake haukucheka hata kidogo. Nilimjazia mfuko nikidhani amerukwa na akili. Akarudi juma lililofuata, na lile jingine. Mara ya tatu nilimbebea mwenyewe mpaka kwake Kaloleni, kwa udaku tu, nione hao watoto wanaolala juu ya vumbi la makaa.

Alikuwa mnyapara wa genge la kutengeneza reli. Miaka mingi aliishi na mkewe kwenye nyumba za reli katika stesheni moja kavu njia ya Mombasa, mahali ambapo maji yaliletwa kwa tangi la gari moshi. Mkewe alipanda dungusi mbele ya mlango kwa sababu hakuna ua jingine lililokubali kuishi pale. Alipofariki, mzee alihamishiwa Nairobi, akaja na binti yake Rispa na dungusi mbili za mviringo, kila moja kubwa kama chungu cha maharagwe. Watu wa Kaloleni walimwita Baba Rispa, nami nikamwita hivyo. Chumba chao nakiona mpaka leo: kitanda nyuma ya pazia la maua, meza yenye kitambaa alichofuma marehemu, redio iliyovishwa shuka yake kama mtoto wa ubatizo, na dirishani mahali pa hizo dungusi mbili pakiwa patupu, duara mbili nyeupe kwenye rangi ya mbao.

"Zimekufa?" nikauliza.

Rispa, aliyekuwa anarudi kutoka kiwanda cha mablanketi na nyuzi nywelani, ndiye aliyejibu. "Zimeuawa kwa upendo." Akanieleza. Mwezi uliotangulia babake alilazwa siku tisa kwa ajili ya macho, na yeye akawa analala huko huko karibu na wodi. Kiangazi kilikuwa kikali, watu wanapanga foleni ya unga, mifereji inakohoa. Majirani wakaziona zile dungusi dirishani, wakazihurumia. Mmoja akazimwagia maji ya kuoshea vyombo, mwingine ya kufulia, wa tatu ya kuoshea mchele, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake mwenye huruma. Rispa na babake waliporudi, mzee alizigusa, kidole kikazama kama kwenye papai bovu. Na katika mwaka ule wa ukame, kwenye mtaa mzima wa Kaloleni, mimea miwili pekee isiyohitaji maji ndiyo iliyokufa maji.

Kilichobaki kilikuwa kwenye mkebe wa dawa ya kichwa: mbegu za tunda moja tu. Kabla ya kulazwa mzee alikuwa amechukua unyoya wa kuku, akafuta unga wa ua la dungusi moja akaupaka kwenye ua la nyingine, kama mkewe alivyomfundisha, kwa sababu dungusi moja peke yake haizai. Alinimiminia kiganjani. Zilikuwa ndogo na nyeusi kama ugoro uliosagwa vibaya. "Macho yangu hayazioni," akasema, "na Rispa hataki kusikia habari za miiba. Nikopeshe macho mpaka Desemba, nikistaafu nirudi nyumbani Butere. Zitakazoota, nusu zako."

Tulipanda mwezi wa tatu. Nilichekecha mchanga wa mto, nikaponda tofali kuukuu, nikachanganya na vumbi langu la makaa, tukaupika ule mchanganyiko kwenye debe mpaka ukatoa mvuke, chumba kizima kikanuka mvua. "Ili ukungu ufe," akaeleza. Mbegu hazifukiwi. Unazinyunyiza juu kama chumvi, mkebe unausimamisha ndani ya karai la maji unywe kutoka chini, kisha unafunika kwa kioo. Na hapo ndipo alipoinua fimbo yake. "Kioo hakifunguliwi mpaka siku ya kumi. Si ya tisa. Kumi." Siku ya nne nilifungua. Nilikirudisha taratibu, hata hakikulia. Jioni aliingia, akapitisha mgongo wa mkono juu ya kioo na kwenye ukingo wa mkebe uliolowa, akasema, "Matone yameanguka. Ulikuwa unatafuta nini, msichana wangu, pasi ya kusafiria?" Siku ya kumi alinisimamisha mbele ya mkebe. Nilitazama nikaona vitu vya kijani, vidogo kuliko kichwa cha pini, vingi, vimekaa juu ya weusi wa makaa. Nilipiga kelele. Yeye alivua kofia, akainama, akagusa mchanga kwa mdomo wa chini. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa miaka ya nyundo na vyuma, akaniambia, ila mdomo haukuwahi kufanya kazi ya reli. Aligusa kama mtu anayepima uji wa mtoto. "Wapo," akasema. "Mama Rispa, wapo."

Kwa hiyo nilikuwa nikifunga makaa saa nane na kwenda Kaloleni. Tulikula ugali wa njano, ambao kila mtu aliulaani kabla ya kuunawia, na sukuma iliyokatwa nyembamba kama tumbako. Baba Rispa alinikalisha kwa nguvu. "Keti. Chakula hakiingii miguuni." Nilikaa, goti likicheza chini ya meza mpaka vikombe vikatetemeka. Kwa sababu miche ile, jamani, haikui. Mwezi mmoja, kichwa cha pini. Miezi mitatu, mbegu ya mtama. Ndipo ikaanza kuonyesha miiba laini kama ndevu za paka. Niliitazama asubuhi na jioni kana kwamba ni saa iliyosimama. Jumapili moja nikiwa nje naosha karai, niliwasikia wakiongea nyuma ya pazia.

"Baba, si tuweke saruji tu kama watu? Kaburi la Mama kule Butere litakuwa safi."

"Mama yako aliishi kwenye kokoto miaka kumi na saba kwa ajili yangu. Nilimwahidi nikistaafu nitampandia zake. Hizi ni damu ya zile zake. Nikiziweka pale nimemaliza."

"Na zisipofika?"

"Zitafika. Njeri ana macho mazuri."

Nilisikia kila neno, na ndiyo maana sina pa kujificha ninapoandika yanayofuata.

Mwezi wa nane alikuja kununua makaa mwanamume mmoja mtunza bustani wa nyumba za matajiri. Nilipomweleza habari za miche alicheka. "Hiyo utaiuza ukiwa na mvi. Kule kwa mama yangu wa kazi wanaikata, wanaibandika juu ya mti mwingine wa kijani, wanafunga na uzi. Miezi mitatu iko kama ngumi." Nikamwuliza mti gani. Akapandisha mabega: "Wa kijani tu, hauna majani, una maji maji." Usiku ule sikulala. Mti wa kijani usio na majani mimi niliujua tangu sijaota meno. Ni kariaria, ule mti wa kuzungushia ua, unachomeka kijiti leo na mwezi ujao una ukuta. Kote kwetu milimani mashamba yamezungukwa nao, na hata kando ya reli ya Kaloleni ulikuwepo. Nani anayetaka kukua upesi kuliko kariaria? Nilijiona nina akili kuliko wote. Sikumwuliza mzee. Nilijiambia nitamshangaza. Ukweli ni kwamba nilichoka kuambiwa ngoja, na nilitaka angalau jambo moja duniani niwe nimelijua bila kufunzwa.

Nikamdanganya kwamba dirisha langu lina jua zuri zaidi, nikaihamishia mikebe Shauri Moyo. Nilikata miche kumi kwa wembe, nikaiketisha juu ya vijiti vya kariaria, nikafunga na uzi wa kushonea. Juma zima ilibaki kijani, ikang'aa. Nilitembea Gikomba nikiwa mrefu. Juma la pili ikanywea, la tatu uzi ukabaki umefunga ngozi kavu. Nikasema nimekata vibaya. Nikakata kumi na minane mingine, kwa uangalifu zaidi, na mambo yakawa yale yale. Na kila Jumapili nilikwenda Kaloleni, nikakaa kwenye kiti kile, mzee ananiuliza, "Watoto?" nami najibu, "Wazima, Baba. Wamefika ukubwa wa kunde." Ananikatia kipande kikubwa cha ugali. Uongo ule niliumeza na ugali, na siku hizo, kwa mara ya kwanza, goti langu halikucheza.

Mwezi wa kumi na moja, Jumapili asubuhi, nilikuwa najaribu mara ya mwisho. Ilikuwa imebaki miche sita na mitatu midogo mno, ambayo hata uzi haukuishika, niliyokuwa nimeitupia pembeni ndani ya kifuniko cha mkebe. Nimetoka kukata kariaria mbichi, maziwa yanachuruzika, sita iko juu tayari, nikasikia Mama Oti nje: "Karibu Mzee, karibu dada, yuko ndani anacheza na visu vyake." Baba Rispa alikuwa amechoka kungoja Jumapili ya kuambiwa. Ametembea kutoka Kaloleni amemshika Rispa bega. Akaingia, akaamkua, akaipapasa meza kwa fimbo, akaupata mkebe wa kwanza. Nilisimama na wembe mkononi. Akavua kofia. Akainama.

Mtu yeyote aliyekulia karibu na ua wa kariaria anajua maziwa yake. Mdomo yanauchoma, na jicho yanaweza kulizima, na huyu hakuwa na jicho la kupoteza.

"Usiguse!" nilipiga kelele. "Baba, ni kariaria!"

Alisimama pale pale, mdomo umebakiza kama upana wa kidole. Akanusa. Nyundo za nje nazikumbuka kama zilinyamaza, ingawa ilikuwa Jumapili na pengine hazikuwepo. Akajiinua polepole.

"Umewaweka watoto juu ya mti wa ua?"

"Nilitaka wakue."

"Wangapi?"

Nilimwambia. Rispa aliketi kitandani, akaweka mkono mdomoni.

"Hawa si ndugu," mzee akasema. "Mmoja analia maziwa, mwingine maji. Damu hazipatani hata uzifunge na waya wa reli." Nilingoja fimbo. Ningeipenda fimbo. Badala yake akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Njeri, si ungeuliza? Mama Rispa alikuwa akipandikiza juu ya mpungate, ile dungusi ya majani bapa. Inashika kwa siku kumi. Ningekuonyesha asubuhi moja."

Asubuhi moja tu. Nimeyabeba maneno hayo kuliko gunia lolote.

Rispa ndiye aliyeiona ile mitatu kwenye kifuniko cha mkebe. Mzee aliigusa kwa mdomo, mmoja mmoja, akakifunga kifuniko ndani ya leso. Nilifungua kinywa, naye akajua kabla sijasema. "Nusu yako umeshakula," akaniambia, wakaenda. Mama Oti alinichungulia mlangoni, na siku hiyo hakuwa na mzaha. "Keti, mama," alisema tu. Nikaketi.

Desemba walipanda gari moshi la Butere. Nilikwenda stesheni na mfuko wa vumbi la makaa nililolichekecha mara tatu mpaka likawa laini kama poda. Sikuwa na kingine. Alikuwa ameketi dirishani, leso mapajani. Nikamwekea mfuko mikononi. Aliupima uzito, akaunusa, akautandaza mapajani kama mto, akaiweka leso juu yake. Gari likaondoka. Hakunipungia, lakini labda hakuniona.

Mpungate niliukuta mwenyewe kwenye korongo nje ya mji, nikapandikiza juu yake dungusi ya kununua, ikashika kwa siku kumi kamili. Ndipo nilipoanza kusema nilijifunza mwenyewe. Nikapanda kazi hii mkebe kwa mkebe, nikakaa kwenye kazi moja kwa mara ya kwanza maishani, na Butere sikuenda. Rispa aliniandikia, baadaye akanipigia, "Baba anakuuliza." Nilikuwa na shughuli. Miaka arobaini ya shughuli.

Mazishini nilikwenda. Baada ya udongo kurudishwa na wachungaji kwenda kula, Rispa alinishika mkono akanipeleka kwenye kaburi la mamake, hatua tano kutoka kwa lile jipya. Hakukuwa na saruji. Kulikuwa na kokoto, na juu ya kokoto zimekaa dungusi tatu, kila moja kubwa kama debe, jua la saa sita juu yake, na utosini maua ya njano yamefunguka, yanameta kama yamepakwa mafuta. Miche ile mitatu midogo mno.

"Huchanua kila mwaka na kuanguka," Rispa akasema. "Tangu mikono ya Baba ianze kutetemeka hakuna aliyeyapaka unyoya. Sisi hatujui, na nyuki naona huku hawayataki." Kisha akanitazama kwa ule uso wake wa kutoka kiwandani. "Aliacha neno lako. Alisema, Njeri akija, asipewe hata mwiba mpaka aombe."

Nyuma ya jiko kina mama walikuwa wakinyonyoa kuku wa wageni, manyoya yametapakaa uwanja mzima. Niliokota moja safi, nikarudi, nikapiga magoti na nguo yangu ya matanga. Nilifuta ua la kwanza, nikapaka la pili, nikafuta la pili, nikapaka la tatu. Magoti yaliuma. Rispa alisimama juu yangu, anangoja, na nikajua anangoja nini. Nimejadiliana na wenye magorofa, nimefukuza askari wa kanjo, wale wa jiji, kwa mdomo mtupu, lakini kabla ya neno lile nilirudi kulifuta ua la kwanza, ambalo nilikuwa nimeshalifuta.

"Rispa," nikasema, "naomba mbegu."

"Nusu," akajibu.

Zilifika miezi miwili baadaye, ndani ya mkebe wa dawa ya kichwa. Nilichekecha mchanga, nikaponda tofali, nikapika udongo kwenye debe, wafanyakazi wangu wananitazama kwa mshangao maana wanajua siku hizi tunatumia udongo wa mifuko wa dukani. Nikafunika kwa kioo. Leo ni siku ya tisa. Tangu asubuhi nimekifungua mara nne.